Sura ya Sita: Kahawa ya Mzee Haldorsen

Jumapili asubuhi Wade Purcell alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jikoni mwa ukumbi wa maonyesho, mikono kaiweka mapajani kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Sufuria kubwa ya maharage na nyama ilikuwa inachemka peke yake. Hakuna aliyekuwa anaikoroga.

Marlys Ostby, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, aliingia akikung'uta theluji yenye tope kwenye viatu vyake. Alitazama ile sufuria, akachukua mwiko, akakoroga mwenyewe.

"Itaungua," alisema. "Watu huko nje wana njaa, na mwenye njaa hajali nani kaiba nini."

"Mimi sijaiba, afande."

"Sijakuuliza bado."

Wade akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mpole wa sauti. Alikuwa ametoka jela vuli iliyopita, kwa masharti. Sharti la kwanza kabisa lilikuwa asiguse bunduki. Kazi ya jikoni alitafutiwa na Mzee Emmett Haldorsen, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji, aliyekwenda mwenyewe mjini akamwambia afisa anayemsimamia Wade kwamba huyu kijana mimi namdhamini. Ukumbi huo kwa kawaida ulikuwa wa harusi na chakula cha kanisa. Ila mwezi wa Machi, mara moja kwa mwaka, wakusanyaji wa bunduki za zamani waliujaza kwa meza zao, na Wade aliambiwa siku hizo abaki jikoni, asitie mguu katikati ya meza.

Sasa, tangu jana, kilengeo kimepotea. Si bunduki, ni kilengeo tu, kile kijichuma cha kulengea shabaha, kidogo cha kuingia kwenye kiganja. Lakini kilikuwa adimu sana, na kilikuwa cha Mzee Haldorsen huyo huyo. Na mama anayeuza visu kwenye meza ya pili alikuwa amemwona Wade ameinama pale.

"Uliinama kufanya nini?" Marlys aliuliza.

"Nilipita tu, afande."

"Watu wanapita wameinama?"

Wade alitazama kona ya jikoni, kwenye kapu la vitambaa vichafu lililojaa mpaka juu, kisha akatazama miguu yake.

"Nilipita tu."

Marlys alikuwa amesikia uongo wa kila namna. Kuna uongo wa mwizi, na kuna uongo wa mtu mwenye hofu, na mara nyingi wa pili ndio unaosikika vibaya zaidi. Huu ulikuwa wa pili. Lakini hilo halikumsaidia Wade. Maonyesho yakifungwa alasiri, afisa wake angefika kutoka mjini, na kama Marlys hana jibu jingine la kumpa, Wade angepanda gari lake na kurudi jela.

"Koroga," alisema, akamkabidhi mwiko. "Usiondoke."

Ukumbini meza zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, zote zimefunikwa vitambaa vya kijani vya chama. Wazee wenye makoti ya sufu na kina mama wenye mvi walikuwa wameinamia vyuma vidogo kwa miwani ya kukuzia, wanasema polepole kama watu walio kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Mlangoni kiti cha Bibi Opal Reddick kilikuwa kitupu. Miaka yote ni Opal aliyegonga mhuri kwenye mikono ya wanaoingia, na kila mtu alipata neno lake, huyu kanenepa, yule aoe. Mwaka huu moyo ulikuwa umemchosha, alikuwa kitandani nyumbani. Hakuna aliyethubutu kukalia mto wake.

Meza ya Mzee Torger Aasen nayo ilikuwa imefunikwa shuka.

"Torger hajaja?" Marlys alimwuliza mama wa visu.

"Leo hajatokea. Miguu yake ile na baridi hii, atakuwa kajilaza. Ebu niambie, umemfunga yule kijana?"

"Ulimwona saa ngapi?"

"Jana, baada ya chakula cha mchana. Watu walikuwa wameshamaliza, sahani zinakusanywa. Kainama hivi, anahangaika."

Marlys akashukuru, akaenda mezani kwa Haldorsen.

Mzee Haldorsen alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mrefu, masharubu meupe, kama mtu aliye msibani. Mbele yake, juu ya kibao cha mti wa jozi kilichochongwa kwa ajili yake, ililala bunduki ya wenzo, zile za enzi za babu zao ambazo unazikoki kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio.

"Umemkamata?" aliuliza.

"Habari za asubuhi, mzee."

"Mbaya. Umemkamata au hujamkamata?"

"Nionyeshe kilikokuwa."

Alimwonyesha. Nyuma ya nyundo ya bunduki kulikuwa na mkia wa chuma ulioingia kwenye kitako. Pale ndipo kiliposimama kile kilengeo, kibamba cha pembe nne chenye kijiti cha chuma cha kukunjika, juu yake kisahani chenye kitundu kama cha sindano. Ukitaka kulenga unakisimamisha, unachungulia kitunduni.

"Vilitengenezwa vichache," alisema Haldorsen, na sauti yake ikawa laini hata akasahau hasira. "Vingi vilitupwa na watu wasiojua ni nini. Hiki nilikikuta kwenye mnada wa shamba, ndani ya kopo la misumari. Kina kasoro moja. Mjinga fulani zamani alikisugua pembe moja kwa tupa. Pembe ya chini, kushoto. Lakini mimi nilikipenda hivyo hivyo."

Marlys aliinama na kurunzi yake. Alitazama kwa muda mrefu, bila kugusa.

"Mzee, hizi skrubu ni zako?"

"Skrubu zipi?"

"Hizi mbili fupi, zilizoziba matundu."

Haldorsen akavaa miwani. Akainama karibu naye, mpaka masharubu yake yakakaribia chuma. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Si zangu," alisema. "Jana nilikuwa na hasira, sikuona."

"Kwa hiyo mwizi wako alifungua skrubu ndefu, akachukua kilengeo, kisha akatoa skrubu fupi mfukoni mwake akaziba matundu. Kwa nini?"

"Vumbi lisiingie." Alisema kama mtu anayejibu bila kutaka.

"Na mifereji ya vichwa vyake imekaa sawa, yote miwili inaelekea mdomo wa bunduki. Hakuna hata mkwaruzo. Alikuwa na bisibisi inayoenea barabara."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Na mtu wa jikoni angefungulia nini? Kisu cha siagi?"

Haldorsen akakunja mikono kifuani. "Anaweza kuwa amejifunza."

"Jela hawafundishi hayo, mzee. Niambie, nani mwingine alikitaka?"

"Nani hakitaki? Clifford Maas, yule mchuuzi wa kutoka jimbo la jirani, amenisumbua tangu Ijumaa kama inzi. Torger Aasen naye ananiuliza kila mwaka, lakini hayo ni masihara yetu ya uzeeni. Muulize Maas. Nimeambiwa anafungasha, na maonyesho hata hayajaisha."

Kweli Maas alikuwa anafungasha. Marlys alimkuta nje kwenye tope, anasukuma masanduku nyuma ya gari lake, amejifunga skafu mpaka puani. Alipomwona afande, mkono wake uliruka ukaingia mfuko wa koti na kubaki humo.

"Unawahi wapi, bwana Maas?"

"Nyumbani." Alisema huku skafu imeziba mdomo.

"Una nini mfukoni?"

"Vitu vyangu."

"Naomba nivione."

"Haviwezi kukuhusu, mama."

"Kama ni kijichuma cha kulengea, kinanihusu sana."

Maas alitazama kulia, akatazama kushoto, akahakikisha hakuna mtu. Ndipo akatoa leso iliyofungwa, akaifungua taratibu. Ndani yake kulikuwa na meno ya bandia, yamekatika katikati.

Marlys alikohoa kuficha kicheko.

"Cheka tu," alisema Maas kwa uchungu, sasa skafu imeshuka na midomo yake imeingia ndani. "Ni lile andazi la mdalasini. Sukari ya pembeni ilikuwa imekauka kama jiwe. Nikauze vitu vipi na uso huu? Nani ataniamini?"

"Pole sana."

"Fungua masanduku yote ukitaka. Mimi nikitaka kitu namsumbua mwenyewe mpaka achoke. Siibi. Jana nilikwenda tena kumbembeleza Haldorsen, meza haina mtu, bunduki ipo, kilengeo hakipo. Nikadhani amenificha, nikasema, mzee mchoyo huyu."

Marlys aliacha kucheka. "Ulikwenda kabla ya chakula au baada?"

"Kabla."

"Una hakika?"

"Mama, nilikuwa nimejizoeza maneno ya kumwambia. Nilikuwa bado na meno."

Marlys alimshukuru kwa moyo wake wote, hata Maas akashangaa. Alimsaidia kuinua sanduku la mwisho garini, akarudi ndani kwa hatua ndefu. Kilengeo kilikuwa kimeshaondoka kabla ya chakula. Wade aliinama pale baada ya chakula. Basi Wade aliinamia nini?

"Mzee," alimwambia Haldorsen, "nisimulie tena jana. Polepole."

"Nilikuwa kule mbele, tunapima vitu vya mashindano. Kutwa nzima. Nilirudi wakati wa kufunga, nikaona hakipo. Nikainua kitambaa, hakuna kitu. Nikaita watu."

"Kwa nini uliinua kitambaa?"

Haldorsen alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anavua kofia kanisani. "Si ndivyo tunavyofanya? Sisi wazee wa chama. Mwenzako akikipenda kitu chako na wewe hupo mezani, na anajua mtakubaliana, anachukua, anaacha chake chini ya kitambaa. Ukirudi ukakiona kilichoachwa, ukiridhika unanyamaza. Usiporidhika unamwendea kabla maonyesho hayajafungwa, mnarudishiana, hakuna ugomvi. Tangu baba zetu. Lakini chini ya kitambaa hapakuwa na kitu, ndiyo maana nikajua ni wizi."

Marlys alikuwa anatazama kitambaa. Alikwenda meza ya jirani, akapapasa kitambaa chake. Kilikuwa kimelainika, kina makombo na alama za viwiko vya siku nzima. Alikwenda ya pili, hivyo hivyo. Akarudi kwa Haldorsen. Kitambaa chake kilikuwa na mikunjo ya mraba, mikali, kama kitu kilichotolewa kabatini.

Kisha akapiga kurunzi kwenye kibao cha mti wa jozi kilichobeba bunduki. Pembeni kulikuwa na alama ya kahawia ya dole gumba. Akaweka pua.

"Mzee, wewe hunywa kahawa hapa mezani?"

"Hapa? Karibu na chuma hiki? Una kichaa?"

"Njoo jikoni na mimi."

Wade alipowaona wanaingia wote wawili, alisimama, mwiko mkononi.

"Wade," alisema Marlys, "hiyo kahawa ilikuwa nyingi kiasi gani?"

Mwiko ukaanguka sufuriani. Wade alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akakaa chini kwenye ndoo. Walimwacha alie kidogo.

"Kikombe kizima," alisema mwishowe. "Nilitaka kumshukuru mzee. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kumshukuru, kila nikimwona maneno yananipotea. Nikasema, nitampelekea kahawa, nitaiweka, nitaondoka, hata hataniona. Najua nimekatazwa kwenda kule. Nilijua. Nikafika, hayupo, nikaweka kikombe, mkono wa koti ukakivuta."

"Kikamwagika kwenye kitambaa."

"Chote. Kinaelekea kwenye bunduki. Mzee, niliona maisha yangu yanamwagika pale. Nikanyanyua, nikavuta kitambaa, nikakimbia kuleta kingine."

"Ulinyanyua nini?" Marlys aliuliza. Swali hili aliliuliza kwa sauti ya kazi, kwa sababu hili ndilo lililokuwa na jela ndani yake.

"Kile kibao. Na yenyewe juu yake. Sikuishika, afande. Lakini nani ataniamini? Nikisema nilinyanyua, nimevunja sharti. Nikisema nilipita tu, mimi ni mwizi. Nikaona bora niwe mwizi msiye na ushahidi naye."

"Mzee Haldorsen," alisema Marlys, "mtu mwenye mikono iliyolowa kahawa akiishika bunduki ile, kesho yake utaona nini?"

"Kutu. Alama za vidole, nyekundu. Hata jasho tupu linatosha, seuze kahawa."

"Umeitazama leo?"

"Nimeitazama kila inchi tangu uliponionyesha zile skrubu."

"Kuna kutu?"

"Hakuna." Alisema tena, safari hii akimtazama Wade. "Hakuna hata doa. Hakuigusa."

"Na dole la kahawa liko kwenye mti, nimeliona mimi. Hilo ndilo nitakaloandika." Marlys akageuka. "Sasa, Wade, kile kitambaa kilicholowa kiko wapi?"

Wade alionyesha kapu la kona. "Dobi anakuja Jumatatu."

Walilimwaga kapu lote sakafuni. Vitambaa vya sahani, aproni, na chini kabisa kitambaa cha kijani kilichoviringishwa kwa haraka, kimekauka na kuwa kigumu, kinanuka kahawa. Wade alikikunjua kwa vidole vya woga. Kikaanguka kifuko cha ngozi laini, bapa, kimefungwa uzi.

Haldorsen alikiokota kabla hajaambiwa. Alikitambua kwa kukishika tu. Alifungua uzi, akamimina kiganjani kilengeo kingine, kidogo kuliko kile, chenye kigurudumu chembamba cha kuinulia, kinang'aa kwa mafuta.

"Ah, Torger," alisema. "Torger, Torger, mzee wewe."

"Ni chake?"

"Hiki nimemwomba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Alikuwa ananiambia, nikifa kanyang'anye kaburini. Na mimi kila akiniuliza kile changu namwambia, siku utakapokiacha hiki, chukua, usiniulize hata." Akakaa kwenye meza ya jikoni. "Kaniachia mali kubwa kuliko ile aliyochukua. Na mimi nimeita polisi. Nimemtaja huyu kijana mbele ya watu wote."

"Torger yuko wapi sasa?"

Mzee alitazama kifuko mkononi, na Marlys aliona jibu linamfikia.

"Opal," alisema. "Ile bunduki ya baba yake."

Shamba la Reddick lilikuwa mbali kidogo na mji, bondeni, mahali simu haishiki. Upepo wa joto kutoka milimani ulikuwa unalamba theluji, na barabara ilikuwa tope tupu. Njiani Haldorsen alisema mara moja tu.

"Kila mtu kwenye chama anaijua ile bunduki. Opal alikuwa anaileta kila mwaka, anaiweka nyuma ya kiti chake. Mkia wake wa chuma umekolea weusi wote, ila katikati kuna kivuli cheupe, mahali kilengeo kilipokaa zamani. Baba yake alikitoa kwa gunia la unga mwaka wa ukame. Tulikuwa tunamtania, Opal, umepata? Anasema, bado, lakini sijafa."

Gari la Torger lilikuwa mlangoni. Walimkuta ndani amepiga magoti kando ya kitanda kilichosogezwa dirishani, bisibisi mkononi, kofia imerudi kisogoni. Juu ya blanketi ililala bunduki kuukuu. Opal alikuwa ameegemea mito, mdogo kuliko Marlys alivyomkumbuka, lakini macho yale yale.

"Haldorsen," alisema, "umenenepa."

"Opal."

"Njoo uone, njoo. Usisimame mlangoni kama mdai."

Walisogea. Torger alikuwa hajakaza skrubu ya mwisho. Alikuwa anamngoja Opal amalize kutazama. Kilengeo kilikaa juu ya kile kivuli cheupe, na hakikubaki hata unywele wa nafasi. Kivuli kilikuwa na pembe tatu kali, na ya nne, ya chini kushoto, ilikuwa ya duara. Na kilengeo kilikuwa na pembe tatu kali, na ya nne imesuguliwa kwa tupa.

"Kilikuwa kinamkata baba hapa," alisema Opal, akaonyesha ngozi iliyo kati ya dole gumba na kidole chake. "Akakisugua mwenyewe, nimekaa nimemshikia taa. Mama akamwambia umekiharibu. Akasema, hakinikati tena, basi hakijaharibika."

Haldorsen, aliyekuwa amemwita mtu huyo mjinga asubuhi ile ile, alivua kofia.

"Hukunifuata jana, nikajua umeridhika," Torger alimwambia, bado kapiga magoti. "Nilikuja huku moja kwa moja nilipokichukua. Jana alikuwa amechoka, tukangoja leo, na sikutaka kumwacha peke yake. Umekiona changu? Mlafi wewe, nadhani hukulala."

"Kweli sikulala," alisema Haldorsen.

"Torger kaniambia umekitoa wewe," alisema Opal. Aliunyoosha mkono, mwepesi kama karatasi, akaushika mkono wa Haldorsen. "Sikuamini. Nikasema, Haldorsen? Yule haachi hata msumari. Nimekusema vibaya moyoni miaka mingi, ujue. Asante. Mungu akuweke. Asante."

Marlys alitazama dirishani. Alijua yaliyokuwa mfukoni mwa Haldorsen. Maonyesho yalikuwa hayajafungwa. Kwa desturi yao, mzee alikuwa bado na haki ya kusema hapana. Alikuwa na haki pia ya kunyamaza, akabaki na kile alichokitamani tangu ujanani.

Haldorsen alitoa kifuko cha ngozi, akakiweka juu ya blanketi mbele ya Torger.

"Chukua chako."

"Tulikubaliana—"

"Umemwambia mimi ndiye niliyekitoa. Usinifanye mwongo kwa mgonjwa."

Torger akainama haraka, akakaza skrubu ya mwisho, na alichukua muda mrefu kuliko skrubu moja inavyohitaji, mpaka mfereji wake ulipokaa sawa na mwenzake.

Marlys alivuta wenzo, akahakikisha bunduki haina risasi. Ndipo Torger akamsaidia Opal kuiegemeza kwenye kizingiti cha dirisha. Akasimamisha kile kijiti. Opal akasogeza jicho kwenye kitundu.

"Tangu mwaka juzi macho yangu yanaona ukungu tu huko nje," alisema. "Sasa namwona farasi. Yuko kwenye uzio. Namwona mpaka masikio." Akacheka, machozi yanamteremka. "Baba alikuwa anajua, kitundu kidogo kinasafisha jicho."

Waliporudi, meza zilikuwa zinafunuliwa na vitambaa vinakunjwa. Afisa anayemsimamia Wade alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, hajavua koti, funguo za gari mkononi. Wade alikuwa kwenye ndoo yake. Alikuwa ameshavua aproni na kuikunja, na juu ya aproni ameweka koti lake, tayari.

"Hakuna wizi," Marlys alimwambia afisa. "Kitu kimepatikana, na mwenyewe anasema alikitoa. Purcell alivuka kwenda mezani kupeleka kahawa, ikamwagika, akabadilisha kitambaa. Silaha hakuigusa. Nina ushahidi wa hilo, njoo nikuonyeshe dole lake lilipo."

Afisa alikwenda kuona. Alikaa huko kwa kitambo, akainama, akanusa. Aliporudi, funguo alikuwa ameshazirudisha mfukoni.

"Kwa kahawa sina fomu," alisema. "Lakini, Purcell, mezani kwao usiende tena. Sharti ni sharti."

"Siendi, mkuu. Siendi kamwe. Asante."

Haldorsen alikuwa amesimama nyuma yao, kofia mkononi, na nyuma yake mama wa visu na wazee wengine wa chama wananyoosha shingo. Alikuwa mtu wa kuzoea kuhutubia. Safari hii hotuba haikuja.

"Wade," alisema. "Nilikusema mbele ya watu hawa. Nakuomba radhi mbele ya hawa hawa." Akakohoa. "Na kahawa yangu sikuinywa."

Wade alisimama ghafla, akashika birika, kisha akasita. Akatazama meza ya mzee kule mbali ukumbini, akamtazama afisa wake.

"Mzee, siruhusiwi kukuletea."

"Najua."

Haldorsen aliingia jikoni, akapita katikati ya vitambaa vilivyomwagwa sakafuni, akaketi juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, magoti yake marefu yakafika karibu na kidevu. Akanyoosha mikono yote miwili kupokea kikombe.

"Jana ilikuwa na sukari?"

"Vijiko viwili, mzee. Kama unavyopenda."

"Basi tia viwili."

Maharage yalikuwa yameanza kushika chini. Marlys akautoa mwiko sufuriani, akaupangusa, akamrudishia Wade.